Nani Alishika Mizani ya Pamba Usukumani

Enzi za Mwingereza, sehemu kubwa ya nchi tunayoiita leo mkoa wa Simiyu ilikuwa ndani ya wilaya moja ya Maswa, na boma lake lilikuwa Shanwa. Bariadi haikuwa wilaya. Ilikuwa katika nchi ya Ntuzu, yenye mtemi wake. Upande wa ziwani, Busega ya sasa, watu walihesabiwa Mwanza. Kote huko, pamba ilipopasuka na kukauka kuanzia Mei na Juni, njia zilielekea kwenye kituo cha kununulia: banda la bati, mizani, meza ya karani na sanduku la fedha. Aliyeleta pamba alikuwa Msukuma. Aliyeipima na kuinunua alikuwa Mhindi au karani wake. Aliyetangaza bei ya senti kwa ratili, akatoa leseni ya mnunuzi na kuamua kituo kiwe wapi, alikuwa Mzungu wa serikali, na siku nyingi hakuwapo pale.

Mmoja tu kati ya hao watatu ndiye aliyekuwa ameinama shambani tangu Novemba. Na huyo ndiye pekee ambaye hakuwa na neno juu ya uzito wala bei.

Chanzo cha mpango huo kiko mbali na Maswa. Kwa muda mrefu viwanda vya nguo vya Ulaya vilitegemea pamba iliyolimwa na watumwa Waafrika kusini mwa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa huko kati ya 1861 na 1865, pamba ikaadimika, na wenye viwanda wakaanza kutafuta nchi nyingine za kuwalimia. Wajerumani waliunda Kamati ya Uchumi wa Makoloni mwaka 1896. Mwishoni mwa mwaka 1900 kamati hiyo ilipeleka Togo wataalamu weusi kutoka chuo cha Tuskegee, Alabama, kilichoongozwa na Booker T. Washington, ili wawafundishe Waafrika kulima pamba kwa mtindo wa Marekani. Inaumiza kulifikiria hilo. Washington mwenyewe alizaliwa mtumwa, na sasa chuo chake kiliombwa kuleta Afrika zao lile lile lililowafanya watu weusi kuwa mali ya wengine.

Huku kwetu Wajerumani hawakuja na walimu, walikuja na amri. Kuanzia 1902, kusini na pwani, majumbe waliagizwa kufungua mashamba ya pamba ya kijiji, na kila mtu alitakiwa kutoa siku zake za kazi kwa malipo yasiyofaa kitu. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya kwanza ya pamba katika shamba la serikali. Vita vya Maji Maji vikaanza. Mpaka vinakwisha 1907, watu waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Usukuma ulifuata njia nyingine, na sababu zake zinastahili kuelezwa polepole. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Meli za ziwani ziliweza kuchukua mzigo Mwanza na kuupeleka kwenye reli hiyo hadi Mombasa, kwa hiyo mazao ya mkulima wa ndani yalipata soko bila mlowezi kuwa katikati. Gavana Rechenberg, aliyefika 1906 nchi ikiwa bado inafuka moshi, aliona kuwa kumwachia Mwafrika alime kwake kungeleta kodi na amani zaidi kuliko kumlazimisha. Walowezi wa Kijerumani walimpinga vikali. Walijua kwamba Msukuma mwenye pamba yake hatakwenda kulima shamba la Mzungu. Walimchukia pia mfanyabiashara wa Kihindi, aliyefika vijijini na vitambaa, chumvi na majembe, akanunua mazao kwa fedha taslimu. Katika ugomvi huo, Usukuma ukabaki nchi ya wakulima wadogo. Hiyo haina maana kwamba hapakuwa na shuruti. Mbegu ziligawiwa kupitia kwa watemi, na amri ya mtemi haikuwa ombi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walichukua nchi, mali za Wajerumani zikauzwa, na Wahindi wakanunua nyingi. Katika miaka ya 1920 vinu vya kuchambulia pamba vya Mwanza na vya pembezoni mwake vilikuwa mikononi mwao. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka, na tangu hapo pamba ya Maswa ikawa na mlango wa pili wa kutokea.

Hapa ndipo rangi ilipoandikwa ndani ya sheria. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilipitisha sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ikaikaza mwaka 1931. Deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila idhini ya serikali. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba Mwafrika alikuwa akilindwa asizame kwenye madeni. Lakini biashara ya mazao huendeshwa kwa mkopo. Mwenye kinu humkopa mwenye benki, mwenye duka humkopa mwenye kinu, na fedha hiyo ndiyo hununua pamba Juni na kurudi pamba ikishauzwa Liverpool au Bombay. Mtu asiyeweza kukopeshwa hawezi kununua pamba hata ya jirani yake. Sheria hiyo, pamoja na leseni zilizotolewa na serikali, ilimfungia Mwafrika mahali pamoja tu katika safari yote ya pamba: shambani.

Na shamba lenyewe lilikuwa na watu gani? Vitabu vya serikali viliandika "mkulima", mtu mmoja, mwanamume, mlipa kodi. Kazi ilikuwa ya wengi. Ardhi ya luseni, ile ya kichanga ya miinuko, ililimwa kwa jembe la mkono. Mbuga nyeusi ilisubiri ng'ombe na plau, ambavyo vilienea kadiri fedha ya pamba yenyewe ilivyoingia. Palizi ikizidi nguvu za nyumba moja, iliitwa kazi ya pamoja ya basumba, vijana wa kijiji chini ya nsumba ntale waliyemchagua wenyewe, wakalima kwa ngoma na majembe kwenda sawa, na mwenye shamba akawalisha. Ngoma ya Bugobogobo imetoka kwenye kazi hiyo. Kisha ukaja uchumaji, wiki baada ya wiki, kwa kuwa pamba haipasuki siku moja. Wanawake na watoto waliichuma, wakaianika, wakaichambua kwa mkono kutenga safi na fifi, kwa sababu fifi ilikuwa na bei ya chini na tumba chache chafu ziliweza kushusha gunia zima. Mzigo ulibebwa kichwani au kwa punda hadi kituoni. Baada ya kuuza, mabua yaling'olewa na kuchomwa moto kwa amri ya serikali ili wadudu wasipate pa kukaa. Wakati huo huo wanawake hao hao walilima mtama, mahindi na viazi vya kulisha nyumba.

Pamoja na uzito huo, pamba iliwaokoa wengi na jambo baya zaidi. Wasukuma walikuwa wameanza kuhesabiwa kati ya watu wa manamba, waliokwenda katani Tanga na Morogoro kwa mkataba. Kadiri pamba ilivyoshika, ndivyo vijana wa Usukuma walivyopungua kwenye mabasi na mabehewa ya kwenda pwani. Walowezi walikuwa wameliona hilo tangu enzi za Rechenberg.

Tukirudi kituoni, malalamiko yalikuwa yale yale mwaka hadi mwaka. Mizani ilipunguza ratili. Karani alisoma tarakimu ambayo muuzaji hakuweza kuisoma. Safi iliitwa fifi. Senti za mwisho hazikurudishwa kwa kuwa chenji "haikuwapo". Sikubaliani na wanaoisimulia habari hii kama kisa cha Mhindi mwizi na Msukuma mjinga. Mnunuzi mdogo wa Maswa hakupanga bei. Alipewa na serikali bei ya kununulia na akapewa na mwenye kinu bei ya kuuzia, na faida yake ilibaki kwenye mwanya kati ya hizo mbili. Wengi wao walikuwa wenye maduka ya bati, wakiishi nyuma ya duka na watoto wao, katika nchi iliyowahesabu kuwa watu wa daraja la pili chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika. Serikali ya kikoloni ilifaidika na mpango huo, maana hasira ya mkulima iliishia kwa mtu aliyesimama karibu na mizani. Lakini kusema hivyo hakumfutii mnunuzi ratili alizoiba. Familia iliyofanya kazi miezi saba ililipwa pungufu, na ilijua.

Msukuma naye hakuwa mjinga. Kwenye gulio mambo yalikuwa tofauti. Mama aliyepeleka michembe ya viazi, karanga au mtama alishika kibaba chake mwenyewe, akakijaza mbele ya mnunuzi, akataja bei na kuigombania. Hapo muuzaji alikuwa mwenye kipimo. Kwenye pamba kipimo kilikuwa cha mnunuzi, na mapambano yaliyofuata yalikuwa juu ya jambo hilo hasa.

Vita vya Pili vya Dunia viliongeza uchungu. Serikali ya Uingereza ilinunua pamba yote kwa bei iliyopangwa, chini ya bei ya dunia, na ziada ikawekwa kwenye mifuko ambayo mkulima hakuisimamia. Kuanzia 1947 Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulileta mabwawa na njia za kuhifadhi udongo, lakini pia kanuni za lazima: matuta ya kufunga, kupunguza mifugo, kodi ya ng'ombe, faini kwa asiyetii. Baraza la shirikisho la watemi lilikaa Malya, mpakani mwa Maswa, na watemi wakawa ndio wa kuzisimamia kanuni hizo kwa watu wao.

Mwanza mjini kulikuwa na kizazi kipya: makarani, walimu, askari waliorudi vitani, wachuuzi. Umoja wa Wasukuma ulianzishwa 1945. Paul Bomani, mtoto wa mhubiri wa Kiadventista, aliyekuwa amefanya kazi mgodini Mwadui, akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo tu. Wafanyabiashara hao walifungiwa njia na sheria ya mikopo. Wakulima walifungiwa na mizani. Bomani aliona kwamba hayo ni mapambano mamoja.

Hatua ya kwanza haikuwa hotuba. Wakulima, wale wa Ukerewe wakiwa miongoni mwa waliotangulia, waliajiri vijana waliosoma, wakawapa mizani na kuwaweka karibu na vituo. Mkulima alipima kwanza kwa kijana wake, akajua ratili zake, ndipo akaenda kwa mnunuzi. Tarakimu mbili zikipishana, neno lilianza pale pale, mbele ya watu. Kuanzia 1950 hivi utaratibu huo ulienea Usukumani, na wakulima waliulipia kwa hiari, ingawa hawakuwa na fedha za kuchezea. Nauona mpango huo kuwa mkubwa kuliko mikutano mingi ya siasa iliyoandikwa kwa wino mwingi zaidi, kwa sababu ulimpa mtu asiyesoma shahidi wa kazi yake.

Kutoka kwenye kupima ikawa kukusanya, na kutoka kukusanya ikawa kuuza kwa pamoja. Wachaga walikuwa wameonyesha njia kwa kahawa yao. Chama chao kikuu, KNCU, kilikuwapo tangu 1933. Kanda ya Ziwa vyama vya msingi viliandikishwa kwa makumi kuanzia 1953. Bodi ya Pamba na Mbegu iliyoundwa 1952 ikawa mnunuzi mkuu, na vyama vikapewa nafasi ya kukusanya pamba kwa ajili ya vinu. Bomani alikwenda kusoma ushirika Loughborough, Uingereza, akarudi, na mwaka 1955 Victoria Federation of Co-operative Unions (VFCU) ikaundwa, yeye akiwa meneja mkuu. Mwaka uliofuata ushirika ulifungua kinu chake cha kwanza Kasamwa, Geita. Kufikia 1959 pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilipita mikononi mwa vyama. Mnunuzi wa Kihindi alikuwa ameondoka kwenye mizani, bila jiwe kurushwa.

Siasa zilikwenda bega kwa bega na hayo. Serikali ilipiga marufuku matawi ya chama cha siasa cha TANU Usukumani tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958, na katika miaka hiyo chama cha pamba ndicho kilichobaki kuwa mahali halali pa watu kukutana. Gavana Twining alikuwa anasukuma siasa yake ya "rangi nyingi", yaani Wazungu na Wahindi wachache wapewe viti sawa na Waafrika mamilioni. Geita ilipoletewa halmashauri ya namna hiyo mwaka 1958, wakulima waliikataa, na maelfu wakaandamana mpaka Mwanza. Walikuwa watu wa pamba. Walikuwa wamekwisha kujifunza vituoni maana ya mtu mwingine kukuhesabia.

Uhuru ulipokuja 1961, na kwa miaka michache iliyofuata, ushindi ulikuwa wa kweli. VFCU ilitajwa kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kuliko vyote barani Afrika. Mavuno ya nchi yalipanda hadi kupita marobota 400,000 katikati ya miaka ya 1960, na sehemu kubwa mno ilitoka Usukumani. Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Kisha mizani ikaanza kupunguza tena. Safari hii karani alikuwa Mwafrika, mara nyingi mtoto wa kata ile ile. Mwaka 1966 kamati ya Rais ilichunguza ushirika na bodi za mazao nchini, ikakuta upotevu, upendeleo na malalamiko ya wakulima kuhusu vipimo na makato. VFCU iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali, ikageuka kuwa Nyanza Cooperative Union. Mamlaka ya Pamba iliundwa 1973. Watu walihamishiwa vijijini. Na mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa. Mkulima wa Bariadi sasa aliuza kwa serikali, akapewa stakabadhi, akasubiri. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, na chama kikuu cha SHIRECU kikaanza kununua pamba ya mkoa wa Shinyanga, uliokuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake. Mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa kampuni binafsi. Wamiliki wa vinu wakawa Watanzania wa kila asili, na hadithi za mizani iliyochezewa hazikuisha. Na wakulima wengine, niseme ukweli, walijibu kwa kumwagia pamba maji na kuitia mchanga.

Simiyu ilipata kuwa mkoa mwaka 2012, makao makuu Bariadi, na tangu hapo imekuwa ikitoa karibu nusu ya pamba ya nchi. Tangu 2018 pamba imerudi kuuzwa kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Mwaka 2019 mavuno ya taifa yalipita tani 340,000. Serikali ilitangaza bei ya shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakasita, na wakulima wakakaa muda mrefu bila malipo huku magunia yamejaa kwenye maghala. Huko Meatu, tangu 1994, kampuni ya bioRe yenye mizizi Uswisi hununua pamba ya kilimo hai kwa nyongeza juu ya bei ya soko, na nguo zake huuzwa Ulaya kwa watu wanaotaka kujua pamba ya nguo zao imetoka wapi. Ni jambo jema. Ningependa mvaaji wa nguo hiyo ajue pia ni nani hasa aliyeichuma.

Maana suala la rangi lilikwisha kwenye mizani, la kazi halikwisha. Vyama vya miaka ya 1950 viliandikisha wenye kaya, na wenye kaya walikuwa wanaume. Madaftari yaliandikwa jina la mume. Leo kupalilia na kuchuma kungali kazi inayowaangukia zaidi wanawake, pamoja na vibarua wanaolipwa kwa kilo na watoto wanaokosa shule msimu wa kuchuma. Mwanamke huyo huyo anapopeleka karanga au mtama kwenye gulio la Bariadi hushika debe lake, japo hata huko wanunuzi wa jumla humletea lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo. Pamba ikipimwa AMCOS, fedha huenda kwenye jina lililo daftarini. Mkoloni alimwandika mtu mmoja kwa kazi ya watu saba, nasi tumeendelea kunakili daftari lake.

Katika miaka ya karibuni mizani ya kidijitali imeanza kuingia vituoni, tarakimu zikionekana kwa kila aliyepo. Hiyo ni hatua waliyoidai wakulima tangu Ukerewe, na inafaa ifike kila kijiji. Hatua nyingine haihitaji mashine. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inamruhusu mwanamke kuwa mwanachama kwa haki yake mwenyewe. Viongozi wa AMCOS za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, kabla hamjafungua ununuzi wa msimu ujao, fungueni daftari muwaandikishe waliochuma pamba hiyo kwa majina yao, na malipo yao yawafikie wao wenyewe.